Ncha Ipi kwa Bastola ya Mashindano

Mlengaji mgeni akifika dukani huuliza kwanza ni ncha ipi ya risasi inayopiga sawasawa kuliko zote. Ninachomwomba ni kuanza kutazama nyuma. Kitako cha kichwa cha risasi ndicho cha mwisho kutoka mtutuni. Kikiwa na ukingo uliobonyea, gesi ya baruti huponyoka upande mmoja kabla ya mwingine, na kichwa huanza safari yake kikiwa kimeshayumba. Ncha ina kazi mbili kubwa: kuingia chemba bila kukwama na kutoboa shabaha vizuri. Basi ncha chagua kwa kuangalia bastola na aina ya mashindano, kisha kitako kikague bila huruma.

Kwa shabaha za karatasi, hakuna kinachoshinda ncha butu, ile iliyokatwa bapa kabisa. Katika mashindano ya Kimarekani kama yale ya Camp Perry, Ohio, mtu hupiga kwa mkono mmoja umbali wa yadi 50 na 25, na tundu likigusa mstari hupata pointi ya duara la ndani. Ncha butu hukata karatasi kama mashine ya kutoboa karatasi za ofisini. Ncha ya mviringo hupasua nyuzi za karatasi na kuzisukuma. Kingo hurudi, na tundu huonekana dogo kuliko risasi yenyewe.

Mfano bora ni kichwa cha greni 148 cha .38 Special, chenye kitako kilichochimbwa ndani ili kitanuke na kushika mifereji ya mtutu. Ni cha mwendo wa pole, karibu futi 700 hadi 750 kwa sekunde. Usikiharakishe, kwani ukuta wake mwembamba unaweza kukatika. Mtutu nao una neno lake: mifereji ya rivolva za Smith & Wesson huzunguka mara moja kila inchi 18.75, ya Colt Python kila inchi 14, na mzunguko wa haraka humtuliza zaidi huyu mfupi mnene. Ukiona tundu lenye umbo la yai kwenye yadi 50, ujue risasi imefika ikipinduka.

Bastola ya magazini ni jambo jingine. M1911 ilibuniwa kwa ncha ya mviringo ya greni 230, nayo huimeza bila shida. Walengaji wa karatasi huipendelea ncha yenye bega, ya greni 200 au 185, kwa kuwa bega hukata tundu safi huku sehemu ya mbele ikiongoza njia ya kuingia chemba. Bega liwe kali, lisiwe limelika.

Katika mashindano ya vitendo ya IPSC, ambako kasi huhesabiwa pamoja na usahihi, mimi nachukua ncha ya mviringo au ya pia iliyokatwa kileleni. Huko pia kuna kipimo cha nguvu: uzito wa kichwa kwa greni ukizidishwa kwa futi kwa sekunde na kugawanywa kwa 1,000 lazima ufike 125 katika daraja la chini. Greni 147 kwa futi 890 hutoa karibu 131. Lakini ncha pana huigusa mifereji mapema, hivyo hulazimika kuzamishwa zaidi kwenye ganda. Ganda la milimita 9 ni dogo, na kuzamisha zaidi hupandisha shinikizo. Fuata jedwali la mtengenezaji wa kichwa hichohicho.

Ncha yenye shimo, pale sheria inapoiruhusu, mara nyingi hushinda za bei rahisi kwa sababu iliyofichika: gamba lake la shaba hufunga kitako chote, ilhali lile la ncha ya mviringo ya kawaida huacha madini ya risasi wazi nyuma.

Kabla ya kununua boksi kubwa, pitisha ukucha kwenye ukingo wa kitako, na viringisha kichwa juu ya kioo uone kama kinayumba. Kwa bastola ya magazini, toa mtutu, dondosha ndani yake risasi isiyo na baruti wala fataki: iingie yenyewe, izunguke, itoke ukiinamisha. Kisha piga kumi za kila umbo juu ya kiegemeo, kwa umbali utakaoshindania, na ubaki na ile ambayo mtutu wako umeikubali, hata kama jirani yako anatumia nyingine.