Wa Nne Njiani: Maoni juu ya Kitabu "South" cha Ernest Shackleton

Kitabu cha Sir Ernest Shackleton kiitwacho South, kilichotolewa mwaka 1919, hutajwa mara nyingi mimbarani na katika semina za uongozi, nasi tunahofu kwamba wengi wanaokitaja wamekisoma nusu. Habari inayosimuliwa ni hii: meli Endurance ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell mnamo Januari 1915, ikabanwa hata ikavunjika, ikazama tarehe 21 Novemba mwaka huo. Watu wake 28 waliishi juu ya barafu iliyoelea, kisha wakaingia katika mashua tatu na kufika Kisiwa cha Elephant mwezi Aprili 1916. Wote 28 waliokolewa. Ndipo mhubiri hutamka kwamba hakupotea hata mmoja.

Kwa msafara mzima neno hilo si kweli, na tutaonyesha hivi punde kwa nini. Lakini kwanza tukitendee kitabu haki. Sehemu kubwa yake Shackleton aliisimulia kwa mdomo, na mwandishi wa habari Edward Saunders akaiandika. Kwa hiyo lugha yake ni ya mtu asemaye, yenye upepo, vipimo vya chakula na miguu iliyoganda. Sura ya mashua James Caird haina mapambo, na kwa sababu hiyo inatisha. Watu sita, katika mashua ya mita 7 hivi, walisafiri siku 16 na zaidi ya kilomita 1,300 hadi South Georgia, wakiongozwa na vipimo vya jua ambalo Worsley aliweza kulipima mara chache tu. (Seremala McNish, aliyeinua kingo za mashua hiyo, baadaye alinyimwa nishani ya msafara. Jambo hilo hatujalisikia katika semina yoyote.)

Walipofika nchi kavu, Shackleton, Worsley na Crean walivuka milima ya kisiwa kwa muda wa saa 36 mpaka kituo cha wavua nyangumi cha Stromness. Hapo ndipo penye aya chache zinazopendwa kuliko kitabu kingine chote: Shackleton anakiri kwamba mara nyingi alijihisi kana kwamba walikuwa wanne, si watatu, na kwamba wenzake nao walikiri vivyo hivyo. Wahubiri hukimbilia mara moja tanuru ya Danieli na njia ya Emau. Hatuwalaumu. Lakini Shackleton hakumtaja huyo wa nne kwa jina. Anasema kwamba maneno ya wanadamu hayatoshi, kisha anaendelea na safari. Tunauona unyamavu huo kuwa bora kuliko fafanuzi nyingi zilizoufuata.

Sasa twende upande wa pili wa bara. Kundi jingine la msafara huohuo lilitumwa Bahari ya Ross kuweka akiba za chakula kwa ajili ya Shackleton, ambaye alikusudia kulivuka bara zima. Meli yao Aurora ilichukuliwa na dhoruba Mei 1915, ikawaacha watu kumi pwani. Hata hivyo walivuta sledi zao hadi Mlima Hope na kuiweka akiba ya mwisho mapema mwaka 1916, wakati Endurance ilikuwa imekwisha kuzama. Chakula kile kiliwekwa kwa mtu asiyekuja.

Miongoni mwao alikuwamo kasisi, Arnold Spencer-Smith, aliyepewa ukasisi muda mfupi kabla ya safari. Kiseyeye kilimwangusha. Wenzake, ambao nao walikuwa wagonjwa, walimvuta juu ya sledi kwa zaidi ya wiki tano. Akafa tarehe 9 Machi 1916, kabla ya kufika kibandani. Tarehe 8 Mei Mackintosh na Hayward walitoka kupita juu ya barafu ya bahari, wasionekane tena.

Shackleton hakuwaficha. Sura zao zimo, nacho kitabu kimetolewa kwa kumbukumbu ya wenzake waliokufa. Ila zimewekwa baada ya wokovu wa watu wa Kisiwa cha Elephant, mahali ambapo msomaji amekwisha kufurahi na kufunga kitabu. Hiyo ni kasoro ya mpangilio. Kwa mhubiri ni kosa kubwa zaidi. Maongozi ya Mungu yanayothibitishwa na waliopona peke yao yatasema nini kwa kasisi aliyekufa akivutwa barafuni? Je, yule wa nne alikuwa South Georgia tu? Luther, alipotofautisha teolojia ya utukufu na ile ya msalaba huko Heidelberg mwaka 1518, alitufundisha tusimtafute Mungu penye ushindi pekee. Nasi twaona kwamba wale waliozivaa kamba za sledi, huku fizi zao zikivuja damu, wana haki ya kuulizwa kwanza habari za wa nne.

Mwanafunzi atakayehubiri habari hii na ajaribu kuanzia kwenye sledi ile. Sisi tulijaribu, tukalazimika kufuta kurasa mbili za mahubiri tuliyokwisha kuyaandika.