Steringi Hafi: Wakanda na Swali Lililouawa Pamoja na Adui

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video anaijua sheria ya kwanza ya picha za ngumi na bunduki: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa korongoni, atafungwa minyororo, lakini dakika kumi za mwisho atainuka, na adui ndiye atakayelala. Sheria hii hatukufundishwa darasani. Hata hivyo ni kanuni ya fani kama zilivyo vina na mizani katika shairi la kimapokeo, na mtunzi anayeivunja anajua kwamba watazamaji watadai warudishiwe kiingilio. Katika makala hii nakusudia kuitumia kanuni hiyo kuzichambua filamu mbili za mwongozaji Ryan Coogler, yaani Black Panther (2018) na Wakanda Forever (2022), na kuzilinganisha na vitabu vya katuni ambamo hadithi yenyewe ilizaliwa.

Nisifiche, ndugu msomaji: mimi ni mshabiki. Nimeziona filamu hizi mara nyingi kuliko nilivyosoma baadhi ya vitabu vya lazima vya mwaka wa pili. Wapo wenzangu wanaosema kwamba katuni na picha za mabavu si fasihi, ni fasihi pendwa tu, na kwamba mhakiki anayejiheshimu hagusi vitu hivyo. Sawa. Lakini nauliza, ni riwaya gani ya Kiswahili iliyobishaniwa bwenini mpaka saa nane za usiku kama ilivyobishaniwa Wakanda? Filamu ya 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani. Kitu kinachosomwa na kutazamwa na watu wengi namna hiyo kinafundisha, tupende tusipende, na sisi wa fasihi tukikikwepa tutakuwa tumewaachia wauza fulana kazi ya uhakiki.

Historia yake ni fupi. T'Challa, mfalme wa Wakanda, alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Miaka saba baadaye mwandishi Don McGregor alipewa gazeti la katuni lenye jina la aibu, Jungle Action, akalitumia kuandika hadithi ndefu iliyompa mfalme huyo adui wa kudumu, Erik Killmonger. Mwaka 1998 Christopher Priest aliiandika upya, na mwaka 2016 ikaja zamu ya Ta-Nehisi Coates. Kwa hiyo filamu tunayoishangilia imesimama juu ya mabega ya watu wengi, na si wote waliokuwa wakisema jambo moja.

Tuje kwenye maudhui. Adui wa filamu ya kwanza ni kijana aliyelelewa Oakland, Marekani, baada ya mfalme wa Wakanda kumuua baba yake na kumwacha mtoto yatima. Anaporudi kudai kiti anakuja na swali: nchi yenye silaha na elimu kuliko zote duniani ilikuwa wapi watu weusi walipokuwa wanauzwa, na iko wapi leo wanapoonewa? Jamani, hili si swali la adui wa kawaida. Adui wa kawaida anataka almasi, au anataka kuitawala dunia na kucheka kwa sauti nzito. Huyu anauliza jambo ambalo sisi wa upande huu tunapaswa kulisikia kwa masikio mawili, maana filamu zenyewe zinaiweka Wakanda Afrika Mashariki, na misafara iliyoteremka Kilwa na Bagamoyo ilipita katika Afrika Mashariki hiyo hiyo. Kama Wakanda ilikuwepo bara, ilikuwa jirani wa watu walioswagwa kwa minyororo mpaka soko la Zanzibar, soko lililofungwa mwaka 1873 tu. Jirani aliyefunga mlango.

Sasa tazama fani inavyolishughulikia swali hilo. Mtunzi anajua kwamba Killmonger ana hoja, na anajua kwamba watazamaji wataanza kuegemea upande wake. Basi anampaka masizi. Anampa kumuua mpenzi wake mwenyewe bila hata kupepesa jicho. Anampa kumkaba koo bibi mzee anayetunza bustani ya mimea ya kifalme, kisha kuichoma bustani yote. Hoja yake haijajibiwa na mtu yeyote. Kilichofanyika ni kutuchukiza na mwenye hoja. Halafu yanakuja mapigano ya mwisho, kisu kinazama kifuani, na adui analala akitazama jua likizama. Maneno yake ya mwisho, kwamba azikwe baharini pamoja na wahenga waliojirusha kutoka kwenye merikebu za utumwa, ndiyo maneno mazito kuliko yote ndani ya filamu nzima, na amepewa kuyasema mtu anayekata roho. Mimi naona Coogler alilipenda swali hili kuliko sheria ya fani ilivyomruhusu. Alilipa heshima za mazishi, lakini alilizika.

Na jibu la mfalme ni lipi? Ananunua majengo Oakland na kufungua kituo cha kusaidia vijana. Si haba, lakini mtu ameuliza habari ya karne nne za utumwa, anajibiwa kwa kituo.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi, na washabiki wenzangu wengi hawapendi nikilitaja. Nani anayezilipua ndege za Wakanda zisipeleke silaha kwa weusi wa London na New York? Ni Everett Ross, Mzungu, ofisa wa CIA, aliyekalishwa katika maabara ya Shuri na kupewa usukani wa ndege asiyoijua. Ukumbi unampigia makofi. Hebu tusimame hapo. Tangu mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani imeweka wazi jinsi CIA ilivyopanga kumuua Patrice Lumumba kwa sumu. Kinshasa si mbali na sisi. Na hapa tunaonyeshwa nchi ya Kiafrika iliyojaa madini ya thamani kuliko yote, ikiokolewa na shirika hilo hilo, na sisi tunasema eti Wakanda ni ndoto yetu. Ndoto ya nani, bwana?

Hapo ndipo vitabu vinapoishinda filamu. Ross huyu ni mtu wa Priest, lakini katika katuni ya 1998 hakuwa CIA wala hakuwa shujaa. Alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje, mtu wa itifaki, kazi yake kumpokea mfalme mgeni. Tunakutana naye akiwa hana suruali, amejificha chooni na bastola akimwogopa panya. Yeye ndiye msimulizi, na anasimulia ovyo: anaruka mbele, anarudi nyuma, anasahau, anatia chumvi. Priest anatufanya tuone kwamba Mmarekani huyu hamwelewi kabisa mfalme anayemsindikiza, na kwamba kila tunachojua kuhusu T'Challa kimepita kwanza katika kichwa kisichomwelewa. Hiyo ni kejeli ya daraja la juu, tena ya usimulizi wenyewe, si ya maneno tu. Filamu ilimvua Ross kejeli hiyo, ikamvalisha ushujaa. Ukitaka kujua tofauti kati ya katuni inayouzwa kwa watu wachache wenye subira na filamu inayopaswa kuuzwa kwa dunia nzima, usiende mbali, mtazame Ross.

Hata kifo cha adui kilikuwa tofauti. Katika hadithi ya McGregor, iliyomalizika mwaka 1975, Killmonger hauawi na mfalme. Anasukumwa kwenye maporomoko na mtoto mdogo aitwaye Kantu, ambaye vita vya wakubwa vilikuwa vimemfikia nyumbani. Steringi hakushinda, aliponea kwa mkono wa mtoto. Baadaye waandishi wengine walimfufua Killmonger, kwa sababu katuni ni kama hadithi za Abunuwasi, haina mwisho wa kweli, na swali likiuawa toleo hili linarudi toleo lijalo. Filamu ya saa mbili haina nafasi hiyo.

Coates alikwenda mbali zaidi. Aliuliza jambo ambalo filamu haithubutu kuligusa: kwa nini nchi iliyoendelea kuliko zote iwe na mfalme? Katika mfululizo wake wa 2016 Aneka, askari wa kike wa mfalme, anahukumiwa kifo kwa kumuua mtemi aliyekuwa akiwadhulumu wanawake. Mpenzi wake, Ayo, anamtorosha, na wote wawili wanaanzisha uasi. Kuna mwalimu mzee, Changamire, anayefundisha kwamba utawala wa mtu mmoja hauna uhalali, na kuna mwanafunzi wake wa zamani, Tetu, aliyeyachukua mafundisho hayo akayatia moto. Mwalimu anaona maneno yake yakirudi yamebeba bunduki. Mtu yeyote aliyekaa chuo kikuu anaijua hofu hiyo. Mwishowe Wakanda inapata katiba. Siwezi kusema kwamba Coates hana kasoro: wahusika wake wanahutubia mno, kurasa nyingine zinasomeka kama mhadhara wa saa tatu asubuhi, na mapigano yake yamepoa. Michoro ya Brian Stelfreeze inamwokoa mara nyingi. Lakini ndani yake hakuna adui mmoja anayeweza kuuawa ili tupumue. Ndiyo maana inachosha, na ndiyo maana naipenda.

Eve Ewing naye, mwaka 2023, alimchukua mfalme aliyekwisha kufukuzwa akamweka ajifiche katika mji wa watu wa kawaida. Kuna mwizi wa kike humo, Beisa, jina la aina ya choroa wa kwetu huku. Ni mara chache sana Wakanda imewahi kuonekana kutoka upande wa mtu asiye na jumba.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Ruth Carter alistahili tuzo yake ya Oscar, na wekundu wa walinzi wa mfalme una asili ya Wamaasai kama alivyoeleza mwenyewe. Lugha ndiyo inanipa mashaka. Kwenye filamu wanasema Kixhosa, kwa sababu mzee John Kani, aliyeigiza baba wa T'Challa, ni Mxhosa. Priest aliwapa walinzi wake Kihausa. Kixhosa ni lugha tamu na sina ugomvi nayo, lakini nchi iko Afrika Mashariki, ina jasusi aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, na hakuna mtu sokoni anayesema shikamoo.

Filamu ya pili ilikuja baada ya msiba wa kweli. Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 43, na Coogler akakataa kumweka mwigizaji mwingine mahali pake. Hapo sheria ya banda ilivunjika yenyewe: steringi amekufa, tena kabla jina la picha halijatokea, kwa maradhi, nje ya macho yetu, huku dada yake akihangaika maabara. Sisi Waswahili jambo hili si geni. Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Shujaa wa Pate alikufa amepiga goti, amevuta upinde, na watu waliendelea kumwogopa maiti kwa siku kadhaa. Fasihi yetu haikuwa inadai kwamba steringi aishi. Ilidai kwamba kifo chake kiwe na maana. Dakika za kwanza za Wakanda Forever zinalijua hilo. Nakiri zilinikaba koo.

Lakini baada ya hapo, angalia. Filamu inaanza vizuri kabisa: askari wa Kifaransa wamekamatwa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili waibe madini, na Malkia Ramonda anawaaibisha mbele ya mataifa. Pigo hilo liliuma kweli, maana Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa alilalamika hadharani. Nikajikalia vizuri, nikasema sasa tumefika. Kumbe wapi! Wafaransa wanasahauliwa, na kwa muda mwingi uliobaki, katika filamu ya zaidi ya saa mbili na nusu, Waafrika wanapigana na watu wa Talokan, kizazi cha Wamaya waliokimbilia chini ya bahari kuwakwepa Wahispania. Mataifa mawili yaliyoonewa na Ulaya yanauana, na Ulaya inatazama. Namor ana hoja ile ile ya Killmonger, na anapakwa masizi yale yale: anamzamisha malkia. Tofauti ni kwamba safari hii adui hauawi. Shuri anamsamehe, na wanakubaliana. Angalau swali limeachwa hai, ingawa chini ya maji.

Halafu kuna lile tukio dogo baada ya majina ya waigizaji kuanza kupita, ambalo ukumbini wengi walikuwa wameshainuka. Haiti, ufukweni, Nakia anamtambulisha kwa Shuri mtoto wa kiume wa T'Challa aliyefichwa miaka yote. Jina lake la Kihaiti ni Toussaint. Toussaint Louverture aliongoza watumwa waliochukua silaha dhidi ya mabwana zao, na alikufa mwaka 1803 katika gereza la Wafaransa, miezi michache kabla nchi yake haijawa huru. Kwa maneno mengine, mrithi wa kiti cha Wakanda amepewa jina la mtu aliyelijibu swali la Killmonger kwa njia ile ile ambayo Killmonger aliuawa kwa kuitaka. Sijui kama Coogler alifanya makusudi. Filamu ya tatu ikija, nitakwenda kutazama kama mtoto huyo ataruhusiwa kulibeba jina lake.