Mlenda wa Siku ya Dabi

Jumamosi ya tarehe 4 Novemba 2023, saa nne asubuhi, shangazi yangu wa Kibaigwa alimwaga sado moja ya uwele kwenye beseni, akaunyunyizia maji na kuuchanganya kwa mkono. Yanga na Simba walikuwa wanakutana kesho yake saa kumi na moja jioni. Wageni kumi na wanne walikuwa wameshaambiwa waje kuangalia kwake, kwa sababu televisheni yake ni kubwa, king'amuzi kimelipiwa, na umeme wa LUKU alikuwa ameununua tangu Ijumaa. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mpira. Nikaishia jikoni.

Uwele hauingii kinuni mkavu, kwa maana punje zitapasuka. Ukilowa kupita kiasi unageuka tope. Shangazi alichukua punje chache, akazisugua kwa dole gumba, akatazama kama ganda limeanza kuachia. Halikuwa tayari. Akaongeza maji kidogo, akakaa. Alipojaribu tena akaridhika, akaujaza nusu ya kinu, akaanza kutwanga. Mchi ulikuwa ukishuka pale pale kila mara, na punje chache sana ziliruka nje. Kisha ungo: anarusha, anapokea, anapuliza kidogo pembeni, pumba zinadondoka mbele na uwele unabaki umerundikana nyuma. Pumba hazikufika mbali, kuku walikuwa wamejipanga. Baada ya kuuosha na kuuanika hadi ukakauka juujuu, akanituma mashine. Akanionya nisikubali kusagiwa mara tu baada ya mtu wa mahindi, maana unga utachanganyika na rangi itapotea.

Nilipita barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, malori yakiwa yamejipanga kusubiri mahindi ya soko la Kibaigwa, na vijana wa upakiaji wakibishana nani ataanza golini kwenye dabi. Hilo neno “dabi” tunalotumia inasemekana lilitoka kwenye mbio za farasi. Mbio za Derby zilianza Epsom, Uingereza, mwaka 1780. Wamarekani nao wakaanzisha zao mwaka 1875 huko Louisville, Kentucky: siku hizi ni maili moja na robo, kama dakika mbili hivi, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Siku hiyo watu wa kule hualikana majumbani kuangalia, na mezani kunakuwa na vyakula vya majimbo ya kusini: kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, mboga za majani zilizochemka muda mrefu, bamia. Bamia ilivuka bahari kutoka Afrika wakati wa biashara ya watumwa. Ningewapeleka kwa shangazi wakale mlenda, naamini wangeutambua utelezi wake.

Mlenda wenyewe kazi yake ilianza zamani. Majani aliyachuma wakati wa mvua, akayaanika mpaka yakawa yanavunjika yakiguswa, akayatwanga na kuyafungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Novemba nyika ya Ugogo imekauka, hakuna jani bichi la kuchuma. Alipoifungua ndoo ile ikatoka harufu ya shamba la Machi.

Jumapili, alipotoka ibada ya kwanza, akaanza na kuku. Majogoo matatu ya kienyeji yalichinjwa na jirani yetu Mwislamu, ili asiwepo mgeni wa kukaa na sahani tupu. Akayatumbukiza kwenye maji ya moto, akayanyonyoa, kisha akayapitisha juu ya moto yababuke vile vinyoya vidogo visivyokamatika kwa vidole. Akakata kwenye maungio, hakuvunja mfupa hata mmoja. Chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, moto wa wastani. Jogoo wa kienyeji hana haraka, anachukua saa mbili au zaidi, na mpishi anayeongeza moto anapata nyama ngumu yenye supu iliyokauka. Yeye alikuwa akipunguza kuni badala ya kuongeza.

Kuku wakiwa jikoni akageukia karanga. Hapa wilayani Kongwa karanga zina kisa chake. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta wilayani humu kulima karanga kwa maelfu ya ekari, wapate mafuta ya kupeleka kwao baada ya vita. Mvua haikutosha, ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Shangazi karanga zake zilijaa kikaango kimoja. Alizikoroga bila kuinua macho hadi zikaanza kulia, akazipoza, akazisugua viganjani, akapepeta maganda. Kinuni alizitwanga hadi unga ukashikana, halafu akaendelea. Nilidhani amemaliza. “Bado, mwanangu,” akasema, “subiri zitoe mafuta.” Dakika kadhaa baadaye pembeni mwa kinu pakaanza kung'aa.

Saa kumi wageni wakaanza kuingia na salamu zao za Kigogo, “Mbukwenyi”, jezi za kijani na njano zikakaa upande wa dirisha, nyekundu upande wa mlango. Walipokelewa na juisi ya ubuyu aliyoiloweka usiku: unga umesuguliwa ukatoka kwenye mbegu, ukachujwa mara mbili, sukari kidogo tu ili uchachu usizimike.

Mpira ukaanza. Yanga wakafunga mapema, Simba wakarudisha, nyumba ikatikisika mara mbili. Yeye hakutoka jikoni. Hesabu yake ilikuwa moja tu: mapumziko ni dakika kumi na tano, na mlenda ukikaa unapoa na kupoteza mvuto, ugali wa uwele nao ukikaa unafanya ngozi. Vyote viwili vilitakiwa viive pamoja, mwamuzi akiwa anapuliza.

Magadi alikuwa ameyayeyusha mapema yakatulia, tope likashuka. Aliyaelekeza maji ya juu tu kwenye sufuria, kidogo sana, maana magadi yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Maji yalipochemka akanyunyiza mlenda kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukizungusha upekecho kati ya vidole. Hakufunika. Ukifunika unafurika, unazima moto. Povu lilipanda hadi ukingoni, akainua upekecho, likashuka, akaendelea. Kisha akauinua juu kabisa na kutazama uzi ulioning'inia. Ulikatika upesi. Akaendelea kupekecha. Mara ya tatu uzi ulishuka mpaka kwenye sufuria bila kukatika, ndipo akatia karanga na chumvi, akausogeza pembeni ya moto.

Kwenye mafiga ya pili kulikuwa na uji unaotokota. Akamimina unga, akakaza sufuria kwa mguu na kipande cha kanga, akaanza kusonga. Mwiko ulikwenda chini, ukageuza, ukakandamiza ukutani, ukarudi. Ugali wa uwele ni mzito kuliko wa mahindi, na rangi yake ni ya kijivu kama udongo uliolowa. Aliusikiliza zaidi ya kuutazama: ulipoacha kupumua kwa mapovu, akajua umeiva. Bakuli lililolowanishwa maji, ugali ndani, mzunguko mmoja wa mkono, tonge kubwa likatoka duara, laini, bila ufa.

Sebuleni nikasikia mtangazaji akisema ni mapumziko, bao moja kwa moja. Beseni na jagi la kunawia vilikuwa tayari mlangoni. Kwa muda hakuna aliyezungumzia mpira. Mzee mmoja wa Simba, aliyekuwa amebishana tangu dakika ya kwanza, alivuta tonge kutoka kwenye mlenda, uzi ukamfuata hadi kidevuni, akacheka peke yake.

Kipindi cha pili Yanga wakafunga manne. Matokeo yakawa 5–1, na upande wa mlango ukaondoka mapema. Shangazi, ambaye ni Simba, alikuwa ameshamwekea mchinjaji bakuli lake na kulifunika kwa sahani, kwa kuwa jirani huyo alikuwa kazini sokoni. Alifika usiku, saa mbili. Akala amesimama, akasema mlenda umevutika, akaomba pilipili.