Robo Inchi

Kumwita dereva ni kumpunja. Anayebeba mafuta ghafi kutoka visimani huko Texas magharibi, kwenye bonde la Permian, au North Dakota, kwenye miamba ya Bakken, anaendesha lori kweli, tena lori zito juu ya vumbi au barafu. Lakini usukani ni ile sehemu ya kazi yake inayofanana na kazi za wengine. Sehemu isiyo na mfano iko juu ya tangi, kabla tone moja halijaingia kwenye lori. Visima vingi, hasa vile vinavyotoa mapipa machache kwa siku, havina bomba. Mafuta yake hukusanywa kwenye matangi ya chuma kando ya kisima yakangoja. Lori likifika, mara nyingi hakuna karani, hakuna mwenye mali, hakuna hata utingo. Mtu mmoja ndiye anayepima, anayekubali au kukataa, anayepakia na anayeandika. Ninachokisifu hapa ni upimaji huo. Bila huo, mafuta ya visima vidogo yangekuwa mali ambayo hakuna anayejua ni kiasi gani.

Hushuka akitazama upepo unavuma kuelekea wapi, maana hatakiwi kusimama mahali gesi inakopelekwa. Kifuani amebandika kidude kinacholia kikinusa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza ikiwa kidogo, na ikizidi huua kwanza uwezo wa pua kunusa ndipo imuue mtu. Huunganisha waya wa kupeleka umeme tuli ardhini, hupanda ngazi, hufungua kifuniko. Huteremsha kipimajoto na kukiacha kitulie. Asiye na subira husoma joto la hewa akalidhani la mafuta. Huchukua sampuli kwa mrija ambao wenyewe wameupa jina la mwizi, kwa kuwa huiba mafuta ya kina kile kile anachokitaka bila kuyachanganya na mengine (jina la ajabu kwa chombo cha mtu mwaminifu). Katika sampuli moja huelea kipimo cha kioo kinachoonyesha wepesi wa mafuta. Nyingine huzungushwa kwa kasi mpaka maji na mashapo yajitenge chini ya chupa, na yakipita kiwango cha mnunuzi, mara nyingi asilimia moja, mafuta hukataliwa. Kisha unakuja utepe wa chuma wenye kipande cha shaba nchani. Mabaharia wa pwani yetu wangeitambua kazi hii bila kuelezwa: ni bildi, ile ile inayotupwa majini chombo kikikaribia mwamba. Ila nahodha akikosea nusu pima bado anaweza kupita salama. Huyu anatakiwa asome mpaka robo inchi, na arudie mpaka vipimo vilingane.

Robo inchi inaonekana upuuzi mpaka uipigie hesabu. Tangi la kawaida la mapipa 400 lina kipenyo cha futi 12 na kimo cha futi 20, kwa hiyo kila inchi ya kimo hubeba pipa moja na theluthi mbili, na robo inchi ni kama lita 66. Joto nalo lina deni lake. Mafuta mepesi huvimba kwa takriban nusu asilimia kila yanapopanda nyuzi 10 za Fahrenheit, na ndiyo sababu ujazo unaouzwa hurejeshwa kwenye nyuzi 60, yaani 15.6 za Selsiasi. Kwenye shehena ya mapipa 180, nyuzi 10 zilizosomwa vibaya ni karibu pipa zima. Kwa mnunuzi mwenye malori mia hilo ni doa tu katika vitabu. Lakini Marekani, tofauti na kwetu, mali iliyo chini ya ardhi yaweza kuwa ya mtu binafsi, na mwenye shamba anayelipwa mrabaha, kwa desturi ya zamani sehemu moja ya nane, hana njia nyepesi ya kujua kilichochukuliwa isipokuwa karatasi ya dereva.

Atakuja mtu aseme kwamba kusoma utepe si ufundi, kila aliyepita darasa la tano anaweza. Ni kweli, kila mtu anaweza kusoma utepe, kama vile kila mtu anaweza kujaza pishi. Ufundi wa kupima haujawahi kuwa kwenye macho peke yake, ndiyo maana Kurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao. Ushahidi wa upande wa pili upo. Mwaka 1989 kamati maalumu ya Seneti ya Marekani iliripoti kwamba mnunuzi mmoja mkubwa alikuwa akichukua mafuta ya wenyeji asilia wa nchi hiyo kwa kupunja vipimo vya matangini. Mwaka 1999 baraza la wazee wa mahakama huko Tulsa, Oklahoma, likaona kwamba madai ya uongo yametolewa kwa maelfu, na mwaka 2001 kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 25. Hapakuhitajika mabomba ya siri wala bunduki. Wizi ulipita kwenye robo inchi, kwenye nyuzi mbili tatu za joto, kwenye mashapo yaliyoongezwa kidogo. Mtu yule yule anayeweza kuiba hivyo kwa penseli ndiye tunayemtegemea asiibe, na wengi wao hulipwa kwa shehena, kwa hiyo kila tangi wanalolikataa, na kila kipimo wanachokirudia, ni muda wao wenyewe unaopotea.

Biashara hii imelijua jambo hilo tangu utoto wake. Pipa la galoni 42 halikutoka mbinguni: mwaka 1866 wazalishaji wa Pennsylvania walikubaliana kuuza kwa galoni 40 na kuweka 2 za nyongeza kwa faida ya mnunuzi, ili manung'uniko yaishe. Dunia nzima bado inahesabu mafuta kwa nyongeza ile ya kutafuta kuaminiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la bomba. Mwaka 1865, katika Pennsylvania hiyo hiyo, Samuel Van Syckel alilaza bomba la maili tano hivi kutoka Pithole, na wenye mikokoteni ya farasi, walioona riziki yao ikipita chini ya miguu, wakayafukua mabomba. Walishindwa, na walistahili kushindwa. Nauli zao zilikuwa za kukomoa. Kwetu nako bomba lenye kupashwa joto, la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangiwa mafuta ya Uganda, ambayo yana nta na huganda yakipoa. Lakini tazama Turkana: Juni 2018 mafuta ya aina hiyo hiyo yalianza kusafiri kwa malori yenye matangi ya kuhifadhi joto, kutoka Lokichar hadi Mombasa, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na shehena. Bomba hungoja uhakika wa miaka ishirini. Lori huenda mahali ambapo uhakika haujafika, au ambapo kisima kimezeeka kiasi kwamba hakuna atakayekilazia bomba. Mita za kujipimia nazo zipo tangu zamani, na kwenye visima vikubwa ni bora. Kwa kisima cha mapipa matano kwa siku, bei yake haina maana.

Swali ambalo silijibu kwa wepesi ni la uhai. Taasisi za usalama kazini za Marekani zilihesabu wafanyakazi 9 waliofariki kati ya 2010 na 2014 wakipima au wakichukua sampuli juu ya matangi, pale mvuke wa mafuta ulipowaingia na hewa ya kuvuta ikakosekana. Baadhi walikuwa peke yao. Anayesifu ufundi huu huku akiufanya upweke wake kuwa ushujaa anasaidia kuua watu. Mwaka 2016 taasisi ya mafuta ya nchi hiyo, API, ilitoa kanuni za kupima bila kufungua kifuniko, na fundi hapungukiwi chochote akipimia chini, pua yake ikiwa mbali na mvuke. Anayesema tusiyasifu mafuta kabisa, kwa jinsi yanavyoipasha dunia joto, sibishani naye. Namwambia tu kwamba hata kuyapunguza kutahitaji mtu wa kusema kwa kweli yametoka kiasi gani.

Lori likijaa, kazi ya juu hurudiwa. Hufunga vali, hupanda tena, hupima kilichobaki. Huweka lakiri mpya na kuandika namba yake kando ya ile iliyokatwa, pamoja na joto, inchi, mashapo na saa. Nakala moja ya tikiti huiacha kwenye kisanduku kisimani, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo.