Buluu Iliyojificha Ndani ya Kijani

Cherero mwenye ukosi wa manjano ni kasuku wa asili wa Tanzania: mwili wa kijani, kichwa cheusi, mdomo mwekundu. Katika miaka ya 1920 alinaswa mmoja wa buluu, akapelekwa Uingereza. Manyoya yake yalikosa rangi ya manjano tu, na kijani cha kasuku kikiondolewa manjano hubaki buluu. Kuiendeleza rangi hiyo ni kazi ya mikono na daftari.

Mikono huanza. Dume na jike wanafanana, kwa hiyo mfugaji humlaza ndege kiganjani na kupapasa mifupa ya nyonga. Ya jike huachana zaidi. Asiporidhika hupeleka unyoya maabara. Kisha huoanisha wa buluu na wa kijani, akawapa kisanduku cha mbao na matawi mabichi. Jike huchana magome kuwa vipande virefu na kuvibeba mdomoni hadi ndani, kisha hutaga na kuatamia kwa siku kama 23. Mfugaji haharakishi chochote.

Ikiwa mzazi wa kijani hajabeba buluu, makinda wote hutoka wa kijani. Kila mmoja amebeba buluu asiyoionyesha, maana jeni ya rangi hiyo huonekana pale tu inaporithiwa kwa wazazi wote wawili. Wakiwa na siku kama 10 huvishwa pete isiyo na kiungio: vidole vitatu virefu hukusanywa pamoja, pete ikapita juu yake, kisha kidole kifupi kikachomolewa taratibu. Namba ya pete huingia daftarini pamoja na za wazazi.

Wakishapevuka, wabebaji wa koo tofauti huoanishwa. Kwa wastani kinda mmoja kati ya wanne huwa wa buluu, na jicho lililozoea humtambua mapema kwa manyoya yake laini meupe. Ya wenzake yana rangi ya chungwa. Ugumu uko kwa hao wa kijani. Wawili kati ya watatu wamebeba buluu, na hakuna jicho linaloweza kuwatenga. Basi kila mmoja huoanishwa na wa buluu. Akitokea kinda mmoja tu wa buluu, shauri limekwisha. Wakitokea watano, wote wa kijani, bado mbebaji angeweza kuzaa hivyo mara moja katika 32. Hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi huyu: haandiki “hana”. Huandika “haijaonekana”, akasubiri watoto wengine.

Ukiuziwa cherero wa kijani kwa madai kwamba amebeba buluu, soma namba ya pete yake, kisha uombe kuona ukurasa wa wazazi wake.