Video za paka wa kamba: tuzungumzie kipande kilichokatwa

Bila shaka umeshaziona. Paka anavalishwa mkanda wa kifuani kwa mara ya kwanza, anasimama kidogo kama anayetafakari, halafu anaanguka ubavu, puu, kama gunia la mkaa. Mwenye paka anacheka, na sisi tunacheka. Kisha video inakatwa. Sekunde inayofuata paka huyohuyo yuko mlimani kwenye theluji, kamba ya rangi nyuma yake, muziki umepandishwa, na chini kuna maneno yanayokwambia hata paka wako anaweza, siku saba tu.

Nimetazama nyingi sana, hasa jioni ambazo nilipaswa kuwa naandika sura ya tatu ya tasnifu. Na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kutaka kujua kilichotokea kati ya gunia la mkaa na mlima. Hapo ndo penye sayansi yote. Na hapo ndo panapokatwa.

Kwanza tuwape haki yao. Wanapinga ule usemi kwamba paka hafundishiki, na wako sahihi. Tena si habari mpya. Mwaka 1898 Edward Thorndike, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia, aliwafungia paka wenye njaa kwenye makasha na kuweka chakula nje. Ili kutoka, paka alitakiwa avute kitanzi au akanyage kipande cha ubao. Mara ya kwanza paka alihangaika huku na huku mpaka akagusa penyewe kwa bahati. Mara zilizofuata, muda wa kutoka ukapungua kidogo kidogo. Kutokana na kazi hiyo Thorndike akaja na kanuni ya matokeo: tendo linaloleta raha hurudiwa, linaloleta karaha huachwa. Yaani moja ya nguzo za elimu ya kujifunza, ambayo leo tunaitumia kufundisha mbwa, pomboo na hata watoto, imesimama juu ya paka. Halafu mtu anakwambia eti paka ni mkaidi!

Sasa turudi sakafuni kwa yule aliyelala ubavu.

Maoni chini ya video huwa yanasema "amezima". Wengine wanaleta utafiti wa 2008 uliofanywa Marekani, ambao paka wengi walibanwa ngozi ya shingo kwa klipu wakatulia tuli, na wanasema mkanda unafanya kitu kilekile. Mimi siendi huko. Klipu kwenye ngozi ya shingo na mkanda uliozunguka kifua si kitu kimoja. Maelezo ya kawaida yananitosha: paka ni mwindaji, lakini pia ni mnyama mdogo anayeweza kuliwa. Kitu kigeni kikimkumbatia mwili ghafla, kuganda ni mojawapo ya majibu aliyonayo, sawa na kukimbia au kupigana. Kwa hiyo kule kuanguka si uvivu wala kituko. Anakwambia kitu.

Ushauri unaorudiwa kwenye video ni huu: mwache nao, atazoea. Hapo ndipo ninapogombana nao. Mnyama anaweza kuacha kupinga kitu kwa njia mbili tofauti kabisa, na kwenye kamera zote mbili zinafanana. Njia ya kwanza ni kuzoea kweli: kitu kimekuja kidogo kidogo, hakijamdhuru, kimeambatana na jambo zuri, mwili umetulia. Ya pili wanasaikolojia wanaifananisha na mafuriko: unamzamisha mnyama kwenye anachokiogopa, bila mlango wa kutokea, mpaka anachoka kupigana. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha jaribio ambalo mbwa walipigwa shoti ya umeme wasiyoweza kuizuia. Baadaye waliwekwa mahali ambapo wangeweza kuikwepa kwa kuruka tu, na wengi hawakujaribu. Walikaa wakaipokea. Huo ndio unyonge wa kujifunza. Mkanda si shoti ya umeme, najua, na sitaki kukuza mambo. Lakini swali linabaki: paka yule wa siku ya saba ametulia au amesalimu amri? Video ya sekunde 40 haiwezi kukujibu, na mara nyingi haijaribu.

Kuna kitabu kinachojibu vizuri zaidi: *The Trainable Cat* cha John Bradshaw na Sarah Ellis, cha mwaka 2016. Wote wawili ni watafiti wa tabia za paka, na inaonekana. Wanaanza na stadi tisa za msingi kabla hawajakugusia kazi yoyote kubwa. Ninayoipenda zaidi ni ile ya gusa, achia, zawadia. Ukiipeleka kwenye mkanda inakuwa hivi: leo mkanda umelazwa karibu na sahani yake, basi. Kesho unamgusa nao begani sekunde moja, unauondoa, unampa kichwa cha dagaa. Angalia mpangilio: unauondoa kabla hajakataa, na dagaa anakuja baada ya mguso, wala si kabla, maana akija kabla inakuwa hongo, na paka akishakula hongo ataondoka zake. Siku nyingine mkanda unakaa mgongoni bila kufungwa. Kisha kifungo kimoja. Kisha vyote viwili, ndani ya nyumba, bila kamba. Kisha kamba inaburutwa sebuleni huku unacheza naye. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa paka mwoga, miezi. Nani atatazama video ya miezi?

Hata hivyo kitabu nacho kina upofu wake. Kimeandikwa Uingereza, na wapakaji wengi wa huko wana mlango wa nyuma unaofunguka kwenye bustani yao wenyewe, yenye uzio na majani. Wewe unayesoma hapa huenda unakaa ghorofa ya tatu Kinondoni au Kilimani, na mlango wako unafunguka kwenye ngazi, kisha lango la mlinzi, kisha bodaboda. "Nje" ya kitabu na "nje" yako ni vitu viwili. Nitarudi hapo.

Kosa kubwa zaidi la video, kwangu, ni neno lenyewe "matembezi". Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, *Felis lybica*. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa 2007 ulionyesha chimbuko lake kwenye jamii ya paka hao wa Mashariki ya Karibu. Ni mnyama anayewinda peke yake, kwa kunyatia, ndani ya eneo analolijua. Akiogopa anapanda juu au anajificha. Kamba inamnyang'anya vyote viwili. Mbwa anatoka ili aende. Paka anatoka ili akague. Anaweza kukaa robo saa ananusa chungu kimoja cha maua, na hiyo kwake ni safari nzuri kabisa. Kwa hiyo unapoona paka anakokotwa njiani kwa mwendo wa mbwa, mkia chini, tumbo karibu na ardhi, huyo hatembei. Anapelekwa.

RSPCA, shirika la Uingereza la kutetea wanyama, limewahi kusema halishauri kuwatembeza paka kwa kamba, kwa sababu hiyohiyo ya kumwondolea uwezo wa kujiamulia. Hoja yao naiheshimu, lakini naona wanaipima kamba peke yake. Ipime na mbadala wake. Mbadala mmoja ni vyumba viwili na dirisha maisha yake yote. Mwingine ni kumwachia azurure, na huko kuna magari, mapigano na mawindo: makadirio yaliyochapishwa 2013 yalisema paka nchini Marekani, wengi wao wasio na mwenyewe, huua ndege kati ya bilioni 1.3 na 4.0 kila mwaka. Kati ya hayo mawili, kamba iliyofundishwa polepole kwa paka mwenye udadisi naiona ina nafasi. Kwa paka anayejificha chini ya kitanda mgeni akibisha hodi, mwache. Mletee boksi, mtundikie ubao dirishani, cheza naye.

Na kama utafanya, kuna jambo la maumbile ambalo video haziligusi kabisa. Mtulinga wa paka, ule mfupa wa chini ya shingo, ni mdogo sana na haukushikana na mifupa mingine kama wetu. Unaelea kwenye misuli. Ndiyo maana paka anapita penye uwazi mwembamba, na ndiyo maana anaweza kuuvua mkanda kwa kurudi kinyumenyume, sekunde mbili tu, amekwenda. Ukiwa bado ndani, mvute taratibu kutoka mbele uone kama unachomoka. Vidole viwili vipenye kati ya mkanda na mwili, visizidi. Kamba isifungwe kamwe kwenye mkanda wa shingo, akiruka utamkaba. Na usimfunge mahali ukaenda dukani. Nikimwona paka wa video amekaa begani mwa mtu pembeni ya genge, mimi naufikiria huo mtulinga tu.

Sasa ile "nje" yetu. Kabla ya kamba, chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huupata, na mbwa wasiofungwa mitaani kwetu ni wengi. Chagua alfajiri, kabla watoto hawajaamka na bodaboda hawajaanza, na ni saa ambayo paka mwenyewe huchangamka kwa asili. Anza na korido, au paa lenye ukuta kama jengo lenu linalo. Mlango wa nyumbani uache wazi nyuma yake. Beba kikapu alichozoea kulalia, kiwe na kitambaa chenye harufu yake, awe na pa kuingia mbwa akibweka.

Halafu chukua dagaa mfukoni, si kwa ajili ya zawadi tu. Masikio, mkia na mboni vinahitaji jicho lililozoea, lakini dagaa hahitaji utaalamu. Paka ambaye ndani ya nyumba angekupanda mguuni kwa ajili ya dagaa, akifika koridoni akamnusa na kumwacha, ameshakwambia hali yake. Rudini ndani, kesho mjaribu hatua mbili nyuma ya mlipoishia.

Video ninayoitamani ni ya paka aliyekaa kizingitini dakika nne, anakunja pua, anasikiliza ndoo ikigongwa ghorofa ya chini, anatoa mguu mmoja nje, anaurudisha, kisha anageuka anaingia ndani huku kamba ikimfuata ikiwa imelegea. Mpaka leo sijaikuta.