Neno "Msawazo" na Mimenyuko Isiyolala

Istilahi za kemia ya Kiswahili zimehakikiwa zaidi kwa vigezo vya ufupi na usanifu. Ni nadra kupimwa kwa dhana zinazozidi zile za darasani. Mimenyuko fungamani, ambamo zao la mmenyuko mmoja ni malighafi ya mwingine, yalitia neno "msawazo" katika mtihani mgumu.

Udhaifu wa kwanza ni wa kimofolojia. "Msawazo" na "kusawazisha" yana asili moja. Mwanafunzi anayesawazisha mlinganyo hupatanisha idadi za atomu karatasini; akiambiwa kwamba mmenyuko umefikia msawazo, hudhani kazi imekwisha chomboni, ilhali kasi mbili zinazopingana zimelingana tu na molekuli zaendelea kubadilika. Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. "Mbali na msawazo" husomeka pia kwa maana ya "licha ya msawazo", na hivyo kiini cha nadharia nzima hugeuzwa kiunganishi. Afadhali "iliyotengwa na msawazo", kwani ndivyo inavyotendwa hasa: mimenyuko huzuiwa isiufikie kwa kutiwa malighafi mpya bila kukoma.

Lugha ya kila siku imekwisha kuitambua tofauti inayotafutwa. Huko Rongai, Nakuru, kama kwingineko Kenya, maziwa yaliyochachuka huitwa maziwa lala. Katika kibuyu kilichofungwa bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, asidi hiyo ikawadhoofisha wao wenyewe, na mwendo ukafifia. (Kulala huku si msawazo kamili wa kikemia, lakini mwelekeo ni huo.) Mwali wa kibatari, kinyume chake, husimama pasipo kulala, kwa kuwa mafuta na hewa hupita ndani yake daima.

Kwa sababu hiyo "hali tulivu" haifai kuwa jina la kusimama huko. Katika modeli ya Prigogine na Lefever, iliyotolewa Brussels mwaka 1968, malighafi ikizidishwa kupita kiwango fulani, hali iliyosimama huvunjika na viwango vya dutu hupanda na kushuka kwa mzunguko, kama rangi za mchanganyiko aliougundua Belousov mwaka 1951. Chanzo ni dutu moja kuharakisha kutengenezwa kwake yenyewe. Kitenzi "kujichochea" chatosha hapo. Hakuna haja ya kubuni kingine.